Nyumba ya urithi Dodoma, na mfuko umekauka

Usianze na rangi. Anza na karatasi: cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini, kisha fungueni mirathi mahakama ya mwanzo. Wakili si lazima. Msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na madeni. Anayepangisha vyumba kabla ya hapo anajitafutia kesi na ndugu zake.

Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Pango la ardhi hulipwa peke yake, na ndilo deni linalolala miaka bila mtu kulikumbuka.

Hela kidogo iliyopo iende kwenye paa, kabla ya mvua za Desemba. Jua la saa sita likiwaka, funga madirisha utazame juu: kila tundu litajionyesha. Msumari uliolegea usiurudishe palepale, mbao haiushiki tena. Ung'oe, piga mwingine wenye mpira pembeni kidogo, tundu la zamani lizibe.

Ukuta wa tofali za udongo usiupige plasta ya saruji. Unyevu hunaswa nyuma yake, na masika mbili tatu baadaye inabanduka vipande vizima. Lowesha ukuta, kandika udongo wa kichuguu ndoo 1, mchanga ndoo 2, na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Jaribu kwanza mita moja. Ikipasuka ikikauka, ongeza mchanga. Nje, inamisha ardhi ili maji yakimbie msingi.