Besi inayovuma kwenye chumba cha futi 12 kwa 12: sogeza kwanza, nunua baadaye

Vyumba vingi vya kupanga Mtwara mjini na Lindi ni mraba: tofali za saruji, sakafu ya marumaru, dirisha moja. Kwa besi, umbo hilo ni balaa. Kwenye joto la nyuzi 28 sauti husafiri mita 348 hivi kwa sekunde. Gawa hiyo kwa urefu wa chumba mara mbili (mita 3.66 × 2) upate hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, 47 na ushee. Chumba chako kinavuma hapo, na kwa kuwa upana nao ni uleule, mvumo unajirudia juu ya mvumo. Noti moja inatikisa vyombo kabatini, zinazofuata hazisikiki. Sabufa kubwa zaidi itatikisa vyombo zaidi, basi.

Hatua ya 1: waya. Zima amplifaya. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, koni (kiwambo cha spika kinachotikisika) hii inasukuma wakati ile inavuta, na besi inafutana. Ukiwa na shaka, geuza waya za spika moja tu, usikilize tena: upande wenye besi nene ndio sahihi. Hewa ya bahari huotesha shaba kutu ya kijani, kwa hiyo kata sentimita 2 za ncha na uchune upya. Gusa pia sponji inayozunguka koni. Ikipukutika vidoleni, ishia hapo, ipeleke kwa fundi. Hatua zilizobaki hazitaisaidia.

Hatua ya 2: kiti. Katikati kabisa ya chumba ile hezi 47 hupotea. Ukiegemea ukuta inajaa kupita kiasi. Pima kwa tepu: masikio yawe mita 1.4 kutoka ukuta wa nyuma.

Hatua ya 3: sabufa. Iweke juu ya kiti chako, pale unapokaa. Piga wimbo wenye gita la besi linalopanda na kushuka, kisha tambaa kando ya kuta, kichwa karibu na sakafu. Watoto watacheka, waache. Tia alama ya chaki panaposikika noti zote kwa usawa. Usichague penye kelele zaidi, maana hapo kwa kawaida ni kona. Hamishia sabufa kwenye alama, weka kitufe cha mkato (kinachoamua sabufa iishie sauti ya juu kiasi gani) hezi 80, na kama ina swichi ya fezi ya 0 na 180 (inayogeuza koni isukume au ivute), chagua upande unaojaza zaidi ukiwa umekaa.

Huna sabufa? Spika ikikaa mita 1 kutoka ukuta ulio nyuma yake, mwangwi unarudi kufuta hezi 87, palepale penye ngoma ya mguu. Isogeze hadi sentimita 25 kutoka ukuta huo, na ukuta wa pembeni uwe mbali zaidi, sentimita 70 hivi.

Hatua ya 4: kunyonya. Trei za mayai hazifanyi chochote kwa besi. Wimbi la hezi 47 lina urefu wa mita 7 na zaidi, kinachotakiwa ni unene. Kusini vitu vipo: anika usumba wa nazi siku mbili juani, ujaze magunia ya korosho bila kushindilia, uyapange kwenye kona mbili nyuma ya spika kutoka sakafuni hadi juu. Yatatuliza zaidi kuanzia hezi 100 kwenda juu. Chini ya hapo ni kidogo. Sufi nayo inafaa, ila hushika moto upesi, iwe mbali na jiko na soketi. Mvua za Desemba hadi Aprili zikianza, angalia ukungu.

Chumba kisicho na dari mara nyingi huvuma kidogo, kwani besi hutoroka kupitia bati. Kaza tu misumari ya bati.

Hatua ya 5: ikwalaiza, mwisho kabisa. Shusha kitelezi kilicho karibu na hezi 50 kwa desibeli 4 hadi 6. Usipandishe noti iliyopotea: desibeli 3 zinadai nguvu mara mbili, 6 mara nne, na amplifaya ikizidiwa inaanza kukwaruza muda mfupi kabla koili ya spika haijaungua.