Somo: Namna ya Kununua Risiva na Amplifaya za Zamani kwa Kusikiliza Nyumbani

Wanunuzi wengi wa risiva (amplifaya, yaani kifaa cha kukuza sauti ya spika, iliyounganishwa na redio) za miaka ya 1970 huvutwa kwanza na uso wake: bamba la alumini linalong'aa, taa za kijani au buluu nyuma ya kioo cha stesheni, na ubavu wa mbao. Mimi nashauri kifaa kigeuzwe, kisomwe mgongoni, kabla hata hujauliza bei, kwa kuwa maandishi machache yaliyo karibu na mahali unapoingia waya wa umeme yana uzito kuliko jina lililo mbele.

Hatua ya kwanza: soma volti na herzi

Pioneer, Sansui, Kenwood, Yamaha na wenzao walitengeneza kifaa kilekile kwa matoleo tofauti kufuatana na soko. Toleo la Japani ni la volti 100, la Marekani volti 120, la Ulaya volti 220 au 240, na yako matoleo yenye swichi mgongoni ya kuchagua volti. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya volti 240, yote kwa herzi 50. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua risiva ya volti 120 kwa muuzaji aliyeniapia kwamba "haina shida", nikaichomeka ukutani nyumbani bila kuisoma. Fyuzi ilikatika, na fundi mmoja akaweka waya mahali pa fyuzi, hivyo mara ya pili ikaungua transfoma yenyewe. Transfoma ya aina ile haipatikani ila kwa kuitoa kwenye kifaa kingine kilichokufa.

Ukikuta swichi ya volti, hakikisha imewekwa 220 au 240 kabla ya kuchomeka. Usipoikuta, na kifaa ni cha volti 100 au 120, utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi kwa nusu matumizi yaliyoandikwa mgongoni, na gharama hiyo uiondoe kwenye bei unayotoa. Angalia pia kama pameandikwa 50/60 au 60 peke yake: transfoma iliyokusudiwa herzi 60 hupata joto zaidi ikitumika kwa herzi 50, hata ukishamaliza tatizo la volti.

Hatua ya pili: usinunue wati usizozihitaji

Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya, kwa sababu watengenezaji walikuwa wakitaja nguvu ya kitambo kidogo kana kwamba ni ya kudumu. Vifaa vilivyouzwa huko baada ya hapo vina takwimu za kuaminika zaidi. Pioneer SX-1250 ya mwaka 1976 hutoa wati 160 kwa kila upande na ina uzito wa karibu kilo 30. SX-450, ndugu yake mdogo wa kipindi hichohicho, hutoa wati 15. Kutoka wati 20 hadi 40 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, ambazo sikio huzitambua lakini haziigeuzi sebule kuwa ukumbi. NAD 3020, amplifaya ya wati 20 iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, ilijijengea sifa kubwa duniani bila ya mbwembwe yoyote. Kwa chumba cha kawaida na spika zisizo nzito kuzisukuma, ningechukua amplifaya ndogo iliyo nzima nikaliacha dude kubwa lililokwisha kufunguliwa na mafundi watatu.

Hatua ya tatu: kagua ndani kikiwa kimezimwa

Omba kifuniko kifunguliwe. Tazama kapasita kubwa (vikopo vinavyohifadhi umeme) kama zimevimba au zimetoa majimaji, tazama kama fyuzi ni fyuzi kweli, kisha unuse. Bodi iliyoungua huacha harufu isiyoisha kwa miaka. Vumbi lisikutishe, mara nyingi vumbi lililotulia ni dalili kwamba hakuna aliyechokonoa.

Hatua ya nne: washa kwa tahadhari

Fundi mwangalifu hukiwasha kifaa cha zamani kwa kupitisha umeme katika balbu ya waya ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, endelea; ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani. Vifaa vyenye rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme) ya kulinda spika hutoa mlio wa "tik" baada ya sekunde chache. Kabla ya kuunganisha spika yoyote, pima kwa mita volti za mkondo mnyoofu (DC) kwenye matundu ya spika bila muziki: chini ya milivolti 50 ni salama, na ikikaribia volti 1, usiunganishe. Halafu sikiliza pande zote mbili kwa nusu saa, ukigusa mapezi ya kupoozea joto. Upande mmoja ukiwa moto sana kuliko mwingine, punguza bei au uondoke.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Nikizungusha voliyumu sauti inachakacha, na fundi anataka kuibadilisha. Nikubali?

Jibu: Marahaba. Usikubali bado. Mara nyingi ni uchafu tu, na dawa ya kupuliza ya kusafishia voliyumu na swichi humaliza tatizo. Asitumie mafuta ya taa wala ya cherehani.

Mwanachama wa Mombasa: Nimeletewa risiva kutoka Japani. Inacheza vizuri, lakini stesheni nyingi za FM haizishiki. Je, ni mbovu?

Jibu: Si mbovu, ndugu yangu. Redio za soko la Japani za wakati ule zilitengenezwa kwa megaherzi 76 hadi 90, na stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Itumie kama amplifaya. Ndiyo maana anayenunua kutoka huko hupata nafuu akichukua amplifaya isiyo na redio.

Mwanachama wa Arusha: Naweza kuwasha jozi mbili za spika, A na B, pamoja, zote za omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme)?

Jibu: La. Katika vifaa vingi zikiwashwa pamoja huwa omu 2, na transista za kutolea sauti zitaungua. Kila jozi iwe ya omu 8.

Mwanachama wa Unguja: Simu nimeiunganisha kwenye tundu la PHONO na sauti inatoka ya kukwaruza, besi imezidi mno. Tatizo ni kifaa au simu?

Jibu: Ni tundu. PHONO ni ya gramafoni, ambayo sindano yake hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo kifaa huikuza mno na kuipandisha besi iliyopunguzwa wakati wa kukata santuri. Hamishia waya kwenye AUX au TAPE, na uteremshe voliyumu kwanza.