Kioo cha Kompyuta Mpakato Kinapoharibika Baada ya Dhamana Kwisha

Kabla hujaibeba kompyuta yako kwenda kwa fundi wa Ngamiani, iunganishe na televisheni ya nyumbani kwa waya wa HDMI; picha ikitokea safi huko, huenda kasoro imo katika kioo chenyewe au katika utepe wa nyaya unaopita kwenye bawaba. Fungua na ufunge mfuniko polepole: michirizi inayokuja na kutoweka kadiri pembe inavyobadilika huashiria utepe, ambao kwa kawaida ni nafuu kuliko kioo kizima. Hapa Tanga hewa ya chumvi itokayo baharini huweza kutia kutu viunganishi, kwa hiyo mwombe fundi avisafishe kwanza, maana wapo wanaokimbilia kubadilisha. Kioo kikiwa cheusi, kimulike kwa tochi. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma, inayoangaza kioo kutoka ndani, haiwaki.

Ikilazimu kununua kingine, usitegemee jina la kompyuta pekee, bali nakili namba iliyo mgongoni mwa kioo cha zamani, kwa kuwa kiunganishi cha pini 30 hakiingiliani na cha pini 40. Betri ichomolewe kabla ya kazi, nawe ukague madoa kabla ya kulipa.