Kabla hujanunua mashine ya TIG kwa kazi ya alumini

Fundi, ukiwa dukani unatafuta mashine ya TIG (ile inayochomelea kwa ncha ya tangsteni ndani ya gesi ya kinga) ya kuchomelea alumini, usiishie kusoma neno TIG kwenye boksi. Hakikisha imeandikwa AC/DC, yaani inatoa umeme wa kubadilika mwelekeo (AC) na wa mwelekeo mmoja (DC). Nyingi za bei nafuu ni DC tupu: chuma na stenlesi utachomelea vizuri, lakini alumini itakushinda.

Sababu ni ile ngozi ya oksidi iliyo juu yake. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, ngozi hiyo inataka zaidi ya 2,000. Ukitumia DC ya kawaida, utakuta ndani kumeshakuwa uji na juu bado kuna utando wa kijivu, waya wa kujazia unakataa kushikana. Umeme wa AC ndio unaoivunja hiyo ngozi, na unaona kidimbwi cha alumini iliyoyeyuka kinang'aa kama kioo. Hapo ndipo unachovya waya, si kabla.

Kwa nguvu, kadiria ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Bamba la milimita 3 linataka kama 120, kwa hiyo mashine ya ampea 200 inatosha kazi nyingi za karakana. Gesi ni agoni tupu. Ule mtungi wa MIG (mashine inayosukuma waya yenyewe) wenye mchanganyiko wa kabonidioksaidi usiuguse, utakuunguzia tangsteni.

Na tafadhali, tenga brashi moja ya stenlesi kwa alumini peke yake. Iliyokwisha kusugua chuma inabeba uchafu, na mshono utatoka na vitundu.