Namna ya kuzipima habari za dawa za ubongo unapomuuguza mzee nyumbani

Familia inayomuuguza mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson au wa Alzheimer, iwe inaishi Ngamiani, Makorora au Pongwe, haikosi kuletewa habari za dawa mpya. Leo utapokea ujumbe wa simu unaodai kwamba wanasayansi wamepata dawa ya kufufua seli za ubongo, kesho jirani atakueleza alichokisikia redioni, na keshokutwa atapita mchuuzi mwenye unga ndani ya chupa isiyo na maandishi. Nyingi ya habari hizi zina ukweli kidogo ndani yake, na kwa sababu hiyo hazifai kukataliwa zote wala kukubaliwa zote. Zinapimika hata na mtu asiye daktari, mradi ajue maswali ya kuuliza na aanze na lile linalofaa.

Swali la kwanza linamhusu mgonjwa mwenyewe: anaumwa nini hasa? Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, ambazo karibu zote hazigawanyiki tena zikishakomaa, kwa hiyo iliyokufa haipati mrithi. Lakini magonjwa haya hayaui seli zilezile. Katika Parkinson, zinazojulikana zaidi kwa kufa ni zile zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, katika sehemu ndogo iliyo juu ya shina la ubongo, na kwa makadirio mengi nusu hivi ya seli hizo huwa zimekwisha kupotea mkono unapoanza kutetemeka. Katika Alzheimer uharibifu huanzia mapema kwenye maeneo ya kumbukumbu. Upo pia ugonjwa uitwao ALS, ambao huua seli zinazoamrisha misuli. Dawa iliyofanya kazi katika mmoja wa magonjwa hayo haina sababu ya kufanya kazi katika mwingine, hata kama kichwa cha habari kimeyakusanya yote kwa jina la «magonjwa ya ubongo».

Tena si kila mzee anayesahau au kutetemeka seli zake zinakufa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, sonona, kaswende ya muda mrefu na damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka huweza kumfanya mtu aonekane amepoteza akili, na vyote hivyo vina matibabu. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, na metoklopramidi, dawa ya kichefuchefu, huweza kuleta mtetemeko na ukakamavu unaofanana kabisa na Parkinson. Kwetu Tanga maneno ya jini na ya kurogwa mara nyingi hutangulia mbele ya daktari, nami siwacheki wanaoyasema, maana utafiti uliofanyika kwa jirani zetu wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wengi wa wenye Parkinson hawakuwa wametambuliwa na mtaalamu yeyote. Anza basi Hospitali ya Bombo, ubebe dawa zote anazotumia mzee, pamoja na za kienyeji, na uombe jina la ugonjwa liandikwe.

Ukishalijua jina, iulize habari yenyewe swali ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko yote: dawa hii inadaiwa kuzuia seli zisife, kupunguza kasi ya kufa kwake, au kufanya kazi iliyoachwa na zilizokufa? Madai hayo matatu hayalingani. Levodopa, dawa ya Parkinson ambayo daktari George Cotzias alionesha mwaka 1967 kwamba ikitolewa kwa dozi kubwa inayopandishwa taratibu huwarudishia wagonjwa mwendo, ni ya kundi la tatu, kwa kuwa hugeuka dopamini ndani ya ubongo na kuziba pengo, huku seli zilizobaki zikiendelea kufa kama kawaida. Mgonjwa huinuka, hutembea na hufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, lakini ugonjwa haujaondoka. Mtu asiyeijua tofauti hii humwona mzee ametembea, akatangaza kwamba amepona na kuacha kumpa dawa. Dai la nne, la kufufua seli zilizokwisha kufa, halina dawa hata moja iliyothibitishwa, na ukilikuta katika ujumbe unaweza kuishia hapo bila kusoma zaidi.

Matumaini ya kuzuia kifo cha seli hayakutoka hewani. Mwaka 1972 watafiti Kerr, Wyllie na Currie walieleza kwamba seli huweza kufa kwa utaratibu maalumu unaoendeshwa na seli yenyewe, wakauita apoptosisi. Baadaye uchunguzi wa mnyoo mdogo aitwaye C. elegans ulionesha kwamba, katika seli 1,090 anazozitengeneza mwilini anapokua, 131 hufa kila mara, na zilezile, na H. Robert Horvitz akazitambua jeni zinazotoa amri hiyo. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002 pamoja na Sydney Brenner na John Sulston. Kama kuna amri, walifikiri wengi, basi amri inaweza kuzuiwa.

Hapo ndipo linapokuja swali la tatu: ilijaribiwa kwa nani? Minosaiklini ni antibiotiki ambayo katika panya wenye ugonjwa unaofanana na ALS ilichelewesha ugonjwa na kurefusha maisha. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 412 nchini Marekani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionesha kwamba waliopewa dawa walidhoofika kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 25 ile ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Dawa nyingine, CEP-1347, iliyokusudiwa hasa kuzuia amri ya kifo katika seli za dopamini, ilijaribiwa kwa watu 806 wenye Parkinson changa na haikuwasaidia. Kwa hiyo ukisoma «imefaulu kwa panya» au «imefaulu maabara», ichukue kuwa ni habari njema kwa watafiti. Mgonjwa wako bado haimhusu.

Swali la nne ni la tarakimu. Lekanemabu iliripotiwa kuwa inapunguza kuzorota kwa wagonjwa wa Alzheimer kwa asilimia 27, na takwimu hiyo ni ya kweli. Lakini katika jaribio hilo la miezi 18, lenye washiriki 1,795 waliokuwa katika hatua za mwanzo, kipimo kilichotumika kina alama 18, na tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa alama 0.45. Katika jaribio hilo dawa iliingizwa kwa mshipa kila baada ya wiki mbili, na ubongo sharti upigwe picha za MRI kwa sababu baadhi ya watumiaji huvimba au kuvuja damu ubongoni. Daima tafuta asilimia imetokana na nini.

Umebaki unga wa chupa. Mara nyingine huwa ni wa mbegu za upupu, na hapa mchuuzi hasemi uongo mtupu: mbegu za upupu zina levodopa ya kweli, na jaribio dogo la wagonjwa 18 lililochapishwa mwaka 2017 lilikuta kwamba dozi iliyopimwa vizuri iliwapa nafuu kama ya vidonge. Hatari iko kwenye kipimo, kwani kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na unga hauna kabidopa, ile dawa inayowekwa katika kidonge ili kupunguza kichefuchefu na kushuka kwa presha. Mzee anayemeza vidonge na kuongezewa kijiko cha unga anatumia dozi mbili za dawa moja. Usimfiche daktari, mwambie, «Daktari, bibi anatumia na unga wa upupu,» kisha umwoneshe.

Vidonge vyenyewe vya levodopa vitolewe kwa saa zilezile kila siku, ikiwezekana nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa protini ya samaki, nyama na maharage hushindana na levodopa katika kufyonzwa. Hesabu vidonge vilivyobaki mapema, hasa kabla ya safari ya Pangani au Lushoto, na visikatishwe ghafla kwa sababu yoyote, hata kama familia imeamua kujaribu tiba nyingine, kwa maana kukatisha ghafla huweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa kiasi cha kuhatarisha maisha.