Jinsi ya kuiona hamira ikikumbuka sukari iliyokula jana

Hamira ya dukani, hii hii ya maandazi, inatosha kabisa. Kinachosumbua ni galaktosi, aina nyingine ya sukari, hiyo agiza kwa wauza kemikali za maabara na iwe safi, maana ikichanganyika na glukosi hata kidogo jaribio limekufa. Hamira ikionja glukosi, protini ya Mig1 inaingia kwenye kiini cha seli inazima jeni za GAL, zile za kulia galaktosi. Na hata glukosi ikiisha haziwaki hivi hivi, kuna protini tatu, Gal4, Gal80 na Gal3: Gal4 ameshakaa kwenye DNA tayari kuwasha ila Gal80 kamkaba, mpaka galaktosi iingie, imshtue Gal3, ndo Gal3 anamnasa Gal80 na Gal4 anapumua.

Haya, chakula: kwa mililita 100 za maji weka peptoni (protini iliyokwisha kumeng'enywa) gramu 2, dondoo ya hamira gramu 1, sukari husika gramu 2, chemsha kwenye presha kuka, poza. Chupa ya kwanza iishi kwenye glukosi tu, ya pili ianze na galaktosi usiku kucha halafu ihamie glukosi masaa kama 12. Joto nyuzi 30, jamani, kwenye baridi ya Uyole au Mafinga mwezi wa saba ukiiacha mezani inalala tu, iweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na uwe unayabadilisha.

Kisha osha. Hapa usifanye uvivu: acha hamira ituame, mwaga maji ya juu, weka maji masafi yaliyochemshwa yakapoa, rudia mara mbili tatu. Zote mbili sasa zitie kwenye galaktosi, wingi wa hamira uwe sawa, vika puto mdomoni mwa chupa linase gesi ya hamira, angalia saa. Ya pili inatakiwa kuwahi kujaza puto.

Inawahi kwa sababu Gal1, kimeng'enya kinachoanza kuvunja galaktosi, kinaweza pia kazi ya Gal3, na masalia yake yanabaki kwenye seli hata jeni ikishazimwa, watoto wanarithi ila kila seli ikigawanyika yanapungua. Wanafunzi watakwambia DNA imebadilika. Wawekee chupa ya tatu, sawa na ya pili ila ikae kwenye glukosi siku mbili tatu, asubuhi na jioni unahamishia tone kwenye glukosi mpya ili seli zisiache kugawanyika. Hiyo inatakiwa ichelewe kama ya kwanza, na DNA ingekuwa imebadilika isingechelewa.