Kutazama ndege pwani ya Mikindani na Msimbati, Mtwara

Usianze na darubini, anza na maji. Mimi nimekulia Mikindani, marehemu bibi akitutuma kuchukua chaza, na hadi leo sitoki nyumbani bila kuuliza bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni lini. Siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na ndege hutawanyika mbali huko matopeni, vidoa tu. Subiri yaanze kujaa. Kaa kimya kando ya mikoko, jua likiwa mgongoni, maji yenyewe yatakusogezea ndege mpaka karibu.

Yangeyange utamjua kwa weupe, mdiria kwa rangi na kelele. Mwenye thamani kwangu ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na domo jeusi nene kama la kuvunjia karanga. Huyo, kwa Kiingereza crab plover, hula kaa. Huzaliana mbali, pwani za Uarabuni, tena kwenye mashimo anayochimba mchangani. Kwetu huja kupitisha miezi ya Septemba hadi Aprili. Akiinua shingo ujue umemkaribia mno. Rudi nyuma.

Msimbati ipo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo lipia kiingilio kwanza. Kati ya Julai na Oktoba tazama pia mbali baharini, nyangumi hupita. Ukikuta kasa anataga usiku, zima tochi, na simu pia. Viatu vya ngozi acha nyumbani; mimi changu kimoja kilibaki topeni.